McLendon: Kocha aliyepigania njia ya kufuzu kwa vyuo vya weusi

KATIKA vitabu vya kumbukumbu za michezo, timu iliyozuiwa kushiriki haihesabiwi kwamba ilishindwa. Haihesabiwi kabisa. Jina lake halimo miongoni mwa waliotwaa kombe, wala miongoni mwa waliotolewa katika raundi ya kwanza. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na methali hiyo yaeleza kwa ufupi dhiki iliyomkabili marehemu John McLendon, kocha wa mpira wa vikapu wa Marekani ambaye kwa miaka mingi alikuwa na timu hodari isiyokuwa na njia ya kufika mahali ambapo mabingwa wa taifa walipatikana.

Wengi wanaolitaja jina lake humkumbuka kwa mataji matatu ya taifa aliyoyatwaa mfululizo kuanzia mwaka wa 1957 hadi 1959. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, vita vyake virefu zaidi havikuwa vya kutafuta kombe. Vilikuwa vya kutafuta haki ya kulishindania: chuo gani kiruhusiwe kuingia katika mchujo, kipitie eneo gani, na wachezaji wake wakishafuzu walale na kula wapi.

John B. McLendon alizaliwa tarehe 5 Aprili 1915 katika mji mdogo wa Hiawatha, jimbo la Kansas. Baba yake alikuwa Mmarekani mweusi, naye mama yake alikuwa na asili ya Delaware, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa kale wa Marekani. Homa kali iliyoenea duniani mwaka wa 1918 ilimuua mama huyo kijana wake akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Familia ikatawanyika, na kwa muda mtoto akalelewa na jamaa wa mama yake katika jimbo la Colorado. Baba yake alipooa tena, alirejeshwa Kansas na kukulia katika mji wa Kansas City ulio upande wa jimbo hilo.

Huko ndiko alikoupenda mpira wa vikapu. Alisoma katika shule ya upili ya Sumner, iliyokuwa ya wanafunzi weusi, na hakuwa mchezaji wa kutajika. Kilichomvutia zaidi kilikuwa kazi ya kocha, yaani kuwapanga watu watano uwanjani wakatenda kama mtu mmoja.

Mwanafunzi wa Naismith

Mwaka wa 1933 McLendon alijiunga na Chuo Kikuu cha Kansas mjini Lawrence. Katika chuo hicho alikuwamo James Naismith, mzaliwa wa Kanada ambaye mnamo Desemba 1891, huko Springfield, jimbo la Massachusetts, alikuwa ameubuni mpira wa vikapu ili kuwashughulisha vijana ndani ya ukumbi wakati wa baridi kali. Baba yake McLendon alimwagiza mwanawe aende moja kwa moja kwa mzee huyo na kumweleza kwamba ndiye atakayekuwa mshauri wake. Kijana alitii. Naismith, badala ya kuudhika, alimpokea.

Uhusiano huo ulikuwa wa ajabu kwa zama zile. Timu ya chuo haikuwakubali wachezaji weusi, hivyo McLendon alijifunza mchezo kutoka kwa mtu aliyeubuni bila ya yeye mwenyewe kuvaa sare ya chuo hata siku moja. Alichokikosa uwanjani alikipata darasani, na pia katika matembezi na mazungumzo na mwalimu wake. Naismith alimwezesha kupata uzoefu wa kufunza timu ya wanafunzi weusi katika shule ya upili ya Lawrence.

Tukio moja la bwawa la kuogelea laonyesha jinsi McLendon alivyopenda kupigana vita vyake. Mwanafunzi wa masomo ya elimu ya viungo alitakiwa afaulu mtihani wa kuogelea, ilhali bwawa la chuo lilikuwa la Wazungu peke yao. McLendon aliingia majini. Maji yakamwagwa baada yake. Hakupiga kelele. Alifikia mapatano na wakuu wa chuo kwamba bwawa liwe wazi kwa muda wa majaribio, na iwapo hakungezuka fujo, libaki wazi kwa wote. Kisha akawaomba wanafunzi weusi wenzake wasilikaribie bwawa hilo hadi muda upite. Hakukuwa na fujo kwa kuwa hakukuwa na waogeleaji, na bwawa likabaki wazi.

Mwaka wa 1936 alihitimu, akiwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya elimu ya viungo katika chuo hicho. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa, kisha akaelekea kusini, Durham, jimbo la North Carolina, kufanya kazi katika chuo cha weusi ambacho leo huitwa Chuo Kikuu cha North Carolina Central. Mwaka wa 1940 alikabidhiwa timu ya mpira wa vikapu kama kocha mkuu.

Milango miwili iliyofungwa

Miaka hiyo ndiyo michuano ya kitaifa ya vyuo ilipokuwa ikianzishwa. Ule wa kwanza ulianza mwaka wa 1937 mjini Kansas City, upande wa jimbo la Missouri, na Naismith mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshiriki kuuasisi pamoja na Emil Liston wa Chuo Kikuu cha Baker. Mwaka uliofuata timu zilizoalikwa zilifika 32, na mwaka wa 1940 waandalizi wakaunda chama cha vyuo vidogo kilichojulikana kama NAIB. Nchi iligawanywa katika wilaya za michezo, na kila wilaya ikawa na mwakilishi wake.

Mchuano wa pili ulikuwa wa shirikisho kubwa la michezo ya vyuo, NCAA, ulioanza mwaka wa 1939. Nao ulitumia utaratibu wa maeneo. Nchi nzima iligawanywa katika wilaya nane, na katika kila moja kamati ilichagua timu moja. Katika fainali ya kwanza, iliyochezwa Evanston, jimbo la Illinois, Oregon iliilaza Ohio State 46-33.

Kwa mtazamo wa karatasi, taratibu hizo mbili zilikuwa za haki, kwani hakuna pembe ya nchi iliyosahauliwa. Lakini ramani ya wilaya haikuonyesha kila kitu. Vyuo vya weusi vilikuwa katika wilaya hizo hizo, wakati mwingine mtaa wa pili tu kutoka chuo cha Wazungu, na havikuchaguliwa. Kanuni za NAIB ziliwazuia hata wachezaji weusi waliokuwa katika timu za Wazungu. Mchuano ambao mwalimu wa McLendon alikuwa amesaidia kuuasisi ukawa haumruhusu mwanafunzi wake kuingia.

Vyuo vya weusi vilikuwa na jumuiya zao. Chuo cha McLendon kilikuwa chini ya CIAA, iliyoanzishwa mwaka wa 1912. Kwa miaka mingi bingwa wake wa mpira wa vikapu alipatikana kwa hesabu za matokeo ya msimu, si kwa mechi za mtoano. McLendon na makocha wenzake waliona upungufu wa jambo hilo. Mwaka wa 1946 walianzisha mchuano wa mwisho wa msimu katika ukumbi wa Turner's Arena mjini Washington, ili bingwa apatikane kwa jasho. Katika fainali ya kwanza vijana wa McLendon waliishinda Virginia Union 64-56 baada ya kuongezwa muda mara tatu. Mchuano huo ungali unachezwa hadi leo na umekuwa mojawapo ya sherehe kubwa za michezo katika jamii ya Wamarekani weusi.

Mechi ya siri

Kabla ya hapo, msimu wa mwaka wa 1944 ulikuwa umemwacha McLendon na timu ambayo aliiamini mno. Ilicheza mchezo wa kasi ambao wakati ule ulikuwa mgeni. Hadi mwaka wa 1937, baada ya kila kikapu kilichofungwa mpira ulirudishwa katikati ya uwanja na kurushwa juu upya, jambo lililoufanya mchezo uwe wa taratibu. McLendon alikuwa mmoja wa waliotambua mapema kwamba kuondolewa kwa kanuni hiyo kumebadilisha kila kitu. Aliwafunza vijana wake kukimbia pindi wanapoupata mpira, kuwabana wapinzani uwanja mzima, na kuwashinda kwa pumzi kabla ya kuwashinda kwa mabao. Mazoezi yake ya mbio yalikuwa magumu kiasi cha kuwatoa jasho hata waliojiona wamekomaa.

Lakini timu hiyo ingepimwa na nani? Katika mji huo huo wa Durham kulikuwa na Chuo Kikuu cha Duke, na wakati huo wa vita vikuu vya pili vya dunia shule yake ya udaktari ilikuwa na vijana wengi waliowahi kuchezea vyuo vikubwa. Vijana wa pande mbili walipeana changamoto. Sheria na desturi za kusini zilipiga marufuku mechi ya aina hiyo, na kuivunja marufuku kungeweza kumgharimu mtu kazi au hata uhai.

Jumapili asubuhi, tarehe 12 Machi 1944, wakati wakazi wengi wa mji walipokuwa kanisani, wanafunzi hao wa udaktari waliendesha magari kwa njia za kuzunguka hadi ukumbi wa chuo cha weusi. Milango ikafungwa. Hapakuwa na mashabiki walioalikwa. Mwanzoni wachezaji wa pande zote mbili walikosea pasi rahisi kwa hofu. Kisha vijana wa McLendon wakatulia, wakaanza kukimbia, na mechi ikaisha kwa 88-44.

Baadaye wachezaji walifanya jambo ambalo hata kocha hakulipanga. Waligawana, wakachanganyika weusi na Wazungu katika kila upande, na kucheza tena. Halafu wageni wakaondoka. Polisi hawakujua, na magazeti hayakuandika. Mechi ambayo pengine ilikuwa kipimo bora zaidi cha timu hiyo haikuingia katika kumbukumbu yoyote rasmi kwa zaidi ya nusu karne.

Mlango wa pembeni

Ufa wa kwanza katika ukuta wa Kansas City haukupasuliwa na chuo cha weusi. Mwaka wa 1947 Indiana State, iliyokuwa chini ya kocha kijana John Wooden, ilialikwa katika mchuano wa NAIB lakini ikaambiwa mchezaji wake mweusi, Clarence Walker, asije. Wooden alikataa mwaliko. Mwaka uliofuata, baada ya shinikizo kutoka vyuo kadhaa, marufuku yaliondolewa. Walker alicheza, na timu yake ikafika fainali, ambako ilishindwa na Louisville. Hata hivyo alilazimika kulala mbali na wenzake.

Tangu hapo mchezaji mweusi aliweza kufuzu, mradi awe katika chuo cha Wazungu. Chuo cha weusi kilibaki nje. McLendon aliona kwamba mlango uliofunguliwa hivyo ungewachukua wachezaji bora mmoja mmoja na kuviacha vyuo vyao pale pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, yeye na wakuu wa michezo wa vyuo vingine vya weusi waliunda kamati ya kudai nafasi katika michuano ya taifa. Ombi lao kwa NCAA liligonga mwamba.

Kwa NAIB, ambayo mwaka wa 1952 ilibadili jina na kuwa NAIA, walipata sikio. Katibu wake mtendaji, Al Duer, aliunga mkono hoja yao. Mwaka wa 1953 vyuo vya weusi vilikubaliwa kuwa wanachama na kupewa njia ya kufuzu. Lakini njia yenyewe ilikuwa na kasoro. Badala ya kila chuo kushindana katika wilaya kilichomo, vyuo vya weusi viliwekwa pamoja katika Wilaya ya 29, wilaya isiyo na mipaka katika ramani. Kilichoiunganisha kilikuwa rangi ya ngozi.

Hapo palikuwa na mtihani wa kweli kwa watu kama McLendon. Kuikubali Wilaya ya 29 kulimaanisha kukubali kwamba ubaguzi umehamishwa kutoka mlangoni hadi katika ngazi ya kwanza ya mchujo. Vyuo vingi vyenye timu imara vingeuana vyenyewe kwa vyenyewe ili kimoja tu kiende Kansas City, na vyuo vya Wazungu vya kusini visingelazimika kukutana navyo nyumbani. Kuikataa kulimaanisha kubaki nje kabisa. Waliikubali, na kuendelea kudai zaidi. Mwaka huo huo wa 1953 Tennessee A&I ya Nashville ikawa timu ya kwanza ya chuo cha weusi kucheza katika mchuano wa NAIA.

Mataji matatu

McLendon, ambaye baada ya kuondoka Durham mwaka wa 1952 alikuwa amefunza kwa misimu miwili katika chuo cha Hampton, jimbo la Virginia, alichukua usukani wa Tennessee A&I mwaka wa 1954. Alipoalikwa kupeleka timu Kansas City mwaka huo, alitoa sharti. Wachezaji wake hawangelala katika nyumba za wafadhili upande mwingine wa mji ilhali wapinzani wao wanalala hotelini. Wangelala katika hoteli ya katikati ya mji na kula mahali wanapokula wengine, la sivyo hawaji. Sharti hilo lilikubaliwa. Kwa McLendon, kufuzu hakukuwa kamili iwapo mchezaji aliingia uwanjani kwa mlango wa mbele na kwenda kulala kwa mlango wa nyuma.

Kisha akaanza kuijenga timu ambayo historia ingelazimika kuiandika. Kutoka Gary, jimbo la Indiana, alimpata Dick Barnett, mfungaji wa mkono wa kushoto aliyerusha mpira huku amekunja miguu nyuma. Pamoja naye walikuwamo John Barnhill na, baadaye, Ben Warley. Wote watatu walikuja kucheza katika ligi ya kulipwa ya NBA.

Mnamo Machi 1957 Tennessee A&I iliishinda Southeastern Oklahoma 92-73 katika fainali ya NAIA. Kwa mara ya kwanza chuo cha weusi kilitwaa taji la taifa katika mchuano uliowashirikisha watu wa rangi zote. Mwaka wa 1958 iliilaza Western Illinois 85-73. Mwaka wa 1959 iliishinda Pacific Lutheran 97-87. Barnett alitajwa mchezaji bora wa mchuano mara mbili, mwaka wa 1958 na 1959. Kabla ya hapo hakuna timu yoyote ya chuo, nyeusi au nyeupe, kubwa au ndogo, iliyokuwa imetwaa taji la taifa la mpira wa vikapu miaka mitatu mfululizo.

Mabingwa hao walirejea Nashville, mji ambamo hawangeweza kuketi na kuagiza chakula katika mikahawa ya madukani katikati ya mji. Karibu mwaka mmoja baada ya taji la tatu, mapema mwaka wa 1960, wanafunzi wa vyuo vya weusi vya Nashville, wakiwamo wa Tennessee A&I, waliingia katika mikahawa hiyo na kuketi hadi walipokamatwa. Mei mwaka huo mikahawa ilianza kuwahudumia. Mtu hawezi kusema kwamba mpira wa vikapu ndio ulioleta hayo. Lakini vijana waliokuwa wamewaona wenzao wakidai kitanda hotelini, wakapewa, na kisha wakashinda, hawakuwa wageni wa wazo hilo.

Wakati huo McLendon alikuwa ameondoka. Alikwenda Cleveland, jimbo la Ohio, kuifunza timu ya Pipers iliyokuwa ya makampuni na ridhaa, akaipa ubingwa wa taifa wa AAU mwaka wa 1961. Timu hiyo ilipojiunga na ligi mpya ya kulipwa ya ABL mwaka huo, akawa kocha wa kwanza mweusi katika ligi ya kulipwa ya zama hizo. Hakukaa. Mwenye timu, George Steinbrenner, ambaye baadaye alipata umaarufu kama mmiliki wa timu ya besiboli ya New York Yankees, alikosana naye kuhusu mishahara ya wachezaji, na mapema mwaka wa 1962 McLendon akajiuzulu.

Alifunza Kentucky State, kisha mwaka wa 1966 akaenda Cleveland State na kuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika chuo kikuu chenye Wazungu wengi. Mwaka wa 1968 alikuwa katika jopo la ufundi la timu ya Marekani kwa Michezo ya Olimpiki ya Mexico City. Mwaka wa 1969 alishika kwa muda mfupi timu ya Denver Rockets katika ligi ya ABA. Kisha akafanya kazi kwa miaka mingi na kampuni ya viatu vya michezo ya Converse. Katika vyuo pekee timu zake zilikuwa zimeshinda mechi 523.

Njia aliyoifungua ilizidi kupanuka bila yeye. Mwaka wa 1967 Winston-Salem State, iliyofunzwa na Clarence Gaines, hasimu wake wa zamani katika CIAA, ilitwaa ubingwa wa NCAA wa daraja la vyuo vidogo, na kuwa chuo cha kwanza cha weusi kushinda taji la shirikisho hilo katika mpira wa vikapu. Mwaka wa 1980 Alcorn State ya Mississippi ilishinda mechi katika mchuano mkuu wa NCAA, ule ule ambao milango yake ilikuwa imefungwa McLendon alipokuwa Durham.

Kumbukumbu zilizochelewa

Jumba la kumbukumbu za magwiji wa mpira wa vikapu, ambalo lina jina la Naismith, lilimwingiza McLendon mwaka wa 1979. Lakini lilimwingiza katika kundi la waliouchangia mchezo, si la makocha. Mtu aliyekuwa na mataji matatu ya taifa alipewa heshima kana kwamba alikuwa mhisani au msimamizi.

Sababu mojawapo ni hiyo ya asiyekuwepo na lake halipo. Anayetafiti leo jinsi timu zilivyofuzu katika miaka hiyo hukuta orodha kamili za wilaya, kamati na matokeo ya vyuo vya Wazungu. Kwa vyuo vya weusi humlazimu kupekua magazeti ya weusi kama Pittsburgh Courier na Afro-American la Baltimore, au kuwasaka wazee waliocheza na kuwasikiliza. Ndivyo mwanahistoria Scott Ellsworth alivyoifukua mechi ya siri ya Durham. Aliichapisha habari hiyo mwaka wa 1996, na ndipo wengi walipoisikia mara ya kwanza.

McLendon aliishi kuiona siku hiyo. Aliaga dunia tarehe 8 Oktoba 1999 huko Cleveland Heights, jimbo la Ohio, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya kuugua saratani.

Aliyeendeleza kazi ya kumbukumbu alikuwa mchezaji wake wa mkono wa kushoto. Dick Barnett alikuwa ametwaa ubingwa wa NBA mara mbili na New York Knicks, mwaka wa 1970 na 1973, na kisha kusoma hadi akapata shahada ya uzamifu. Katika uzee wake alitumia miaka mingi akiandika barua, akibisha milango na kuwakumbusha wakuu wa mchezo kwamba Tennessee A&I ilikuwapo. Mwaka wa 2016 jumba la magwiji lilimwingiza McLendon tena, safari hii kama kocha. Mwaka wa 2019 liliingiza timu nzima za Tennessee A&I za mwaka wa 1957, 1958 na 1959. Baadhi ya wachezaji walikuwa wamefariki, na waliobaki walikuwa wazee wa miaka zaidi ya 80. Barnett mwenyewe aliingizwa mwaka wa 2024, na akafariki Aprili 2025.

Wilaya ya 29 haipo tena katika ramani ya mchuano wowote. Vyuo vya weusi hufuzu kwa kushinda katika jumuiya zao au kuteuliwa kama vyuo vingine, na kijana anayevaa sare ya chuo hicho cha Nashville leo haulizwi atalala wapi akifika. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna anayelitaja. Hilo ndilo ambalo McLendon alikuwa akilitafuta tangu siku ile maji yalipomwagwa bwawani Kansas: mahali ambapo mtu hushinda au hushindwa, naye akahesabiwa.